Chanjo Tuliyoizika Mpala

Wakati huo nchi yetu ilikuwa bado inaitwa Zaire, mimi nilikuwa mwangalizi wa frigo mbili za Kalemie za kutunzia chanjo kwenye baridi. Zote zilitumia petroli, yaani mafuta ya taa, maana umeme wa mji ulikuja na kuondoka bila kuaga. Kila asubuhi nilipiga magoti sakafuni na kuchungulia moto mdogo uliowaka chini ya kila frigo. Ukiwa wa bluu, nilishukuru. Ukiwa wa manjano wenye moshi, nilikata utambi kwa mkasi, nikasafisha bomba, nikangoja hadi moto utulie. Kisha nilisoma kipimo cha joto na kuandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni.

Watu wa biro, ofisini kwetu, walinicheka kidogo. Nilikuwa nimemaliza shule ya wauguzi. Wenzangu wa darasa moja walikuwa wanazalisha na kufunga vidonda, na mimi niko magotini kama anayepuliza jiko. Niliendelea na utambi wangu. Nilikuwa nimepelekwa Lubumbashi kwa mafunzo ya wiki mbili, na huko nilijifunza jambo moja lililonishika: chanjo ya surua ikipata joto haibadiliki rangi wala harufu. Inakaa kwenye chupa yake ndogo vile vile, nzuri kwa macho, ila imekufa. Basi mimi nisipoangalia, hakuna mwingine atakayejua.

Kiongozi wa kikosi chetu cha chanjo alikuwa mzee aliyepita miaka hamsini, na sote tulimwita Papa. Ujana wake wote aliumaliza kwenye vita dhidi ya ndui. Alikuwa ameendesha baiskeli kutoka Nyunzu hadi Kongolo na kurudi, akichanja watu njiani, sokoni, kwenye vituo vya treni, popote alipomkuta mutu mwenye mkono. Ndui ilikuwa imekwisha, na Papa alikuwa na haki ya kujisifu. Alikuwa mpole, hakunisemea maneno makali hata siku moja. Lakini joto hakuliogopa. Chanjo ya ndui, alisema, ilikuwa inavumilia jua siku nzima ndani ya mfuko wake wa ngozi, na watoto walipona. Nilipomweleza kwamba hii ya surua ni dhaifu zaidi, aliitikia kwa kichwa jinsi mutu mzima anavyomwitikia mutoto wake.

Mwaka ule wa surua kali, habari zilifika kwamba upande wa Mpala, kijiji cha ufukweni mwa ziwa letu kusini ya Kalemie, na vijiji vya milima iliyo nyuma yake, watoto walikuwa wamekufa wengi msimu uliopita. Daktari wetu aliamua twende. Tulituma barua mbele na mtumbwi wa wachuuzi, ili wanawake waambiwe siku. Nikafunga glasiyeri, lile sanduku letu la plastiki lenye kuta nene: vipande vya barafu pande zote, chupa za chanjo katikati, kipimo cha joto juu yake. Tukapakia pia jiko la primus na sufuria ya kuchemshia sindano, maana sindano zilikuwa za kioo na zilitumika tena na tena. Tukaondoka alfajiri kwa mtumbwi wa mota, Papa ndani ya abakosti yake safi, ile suti isiyovaliwa tai, mimi, na mwenye mtumbwi.

Safari ilituchukua siku nzima. Jua lilikuwa kali, ziwa limetulia, na mimi nikasinzia mchana juu ya magunia. Usingizi ule ulitugharimu.

Asubuhi yake huko Mpala, kabla ya kazi kuanza, nilifungua glasiyeri kusoma kipimo. Mstari ulikuwa umepita alama nyekundu mbali sana. Nilitia mkono ndani. Upande mmoja hapakuwa na barafu kabisa. Mahali pake pamelala chupa nne za bia, na vipande vilivyobaki vilikuwa vimegeuka maji ya uvuguvugu.

Papa alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakukana. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba alitoa vipande viwili kupisha bia tukiwa ziwani, nilipokuwa nimelala, ili mkubwa wa kijiji apate zawadi ya kinywaji baridi. Alidhani vilivyobaki vingetosha. Tangu zamani, alisema, ukitaka watu wakubali chanjo, unaanza na mkubwa wao.

Nje, uwanja wa kituo cha afya ulikuwa umejaa. Wanawake wengine walikuwa wameshuka milimani tangu jana yake, wamelala kwa ndugu, watoto mgongoni, vyungu vya chakula kichwani. Papa alitazama uwanja, akanitazama mimi. Akasema, pole pole, kwamba pengine tuchanje tu. Tuandike hesabu zetu, tuwape kadi, wasirudi mikono mitupu. Chanjo haitawadhuru.

Hilo lilikuwa kweli, isingewadhuru. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, na yeye angeweza kuwa baba yangu. Nilimwambia: "Papa, tukiwapa kadi leo, tumewadanganya watoto hawa wote. Mimi sitashika sindano."

Nilingoja anikaripie, na angekuwa na mamlaka ya kufanya hivyo. Lakini aliketi kwenye ngazi, akavua kofia yake, akaniambia basi nikaseme mwenyewe, maana yeye hajui atawaambia nini.

Nikatoka. Nilisimama mbele ya wale wanawake na glasiyeri mikononi, nikawaeleza kama nilivyoweza. Niliwaambia dawa hii inaishi kwenye baridi, na baridi imetutoka njiani kwa kosa letu sisi wa kikosi, si kosa la mutu mwingine. Sikumtaja Papa. Niliwaambia leo hakuna chanjo, na kwamba tutarudi baada ya siku kumi na mbili.

Manung'uniko yalianza nyuma na kuja mbele. Mmoja alisema serikali ni ile ile siku zote. Mwingine aliuliza kama tunajua kilima cha kwao kina urefu gani. Kisha mwanamke mmoja mwembamba alikuja hadi karibu yangu. Mgongoni alikuwa na mutoto wa kike, mwaka mmoja hivi. Wanawake wa Mpala walikuwa wamenionyesha jioni iliyotangulia na kunipa habari zake: msimu uliopita alizika wawili ndani ya juma moja, akabaki na huyu.

"Mama muganga," aliniambia, "piga mutoto wangu na hiyo hiyo. Pengine nguvu imebakia kidogo."

Hadi leo sijapata kuombwa kitu kilichonipa shida kuliko kile. Ningeweza kumchoma, akaenda zake amefurahi, na hakuna ambaye angenilaumu.

"Mama," nikamjibu, "nikimpiga hii, utaenda nyumbani ukijua amelindwa. Surua itamukuta hana kitu. Ngoja siku kumi na mbili. Niko narudi mimi mwenyewe."

Alikaza kitenge kilichombeba mutoto, akashika njia ya mlima.

Tulichimba shimo nyuma ya kituo. Nilivunja chupa zote moja moja, wanawake waliobaki wakiangalia, ili pasiwe na mutu wa kuzifukua akaziuze sokoni. Zile bia Papa hakuzipeleka kwa mkubwa. Alimwachia mwenye mtumbwi.

Tuliporudi Kalemie, niliogopa sana biro ya daktari. Chanjo zile zilitoka mbali, kwa ndege na kisha kwa treni kupitia Kabalo, na mimi nilikuwa nimezivunja kwa jiwe. Niliandika ripoti fupi: barafu ilipungua njiani, kipimo kilipita alama, chanjo zimezikwa. Daktari aliisoma, akaniuliza barafu ilipunguaje. Kabla sijafungua mdomo, Papa, aliyeingia nami, akasema, "Ni mimi, dokta. Binti huyu alifanya sawa." Akaeleza yote, pamoja na bia, akiwa amesimama wima kama askari. Daktari alimkemea mbele yangu, jambo ambalo sikulipenda. Kisha akafungua kabati la funguo akanipa ufunguo wa sanduku la akiba lililokuwa ndani ya frigo ya pili, akasema nichukue chanjo nyingine humo.

Siku kumi na mbili zilipotimia tulikuwa Mpala tena. Safari hii Papa aliipakata glasiyeri magotini, akaifunika kwa kitambaa alichokuwa anakilowesha ziwani kila kikikauka. Hakuniruhusu hata kuipokea apumzike. Tulipofika nilisoma kipimo: baridi ilikuwa safi. Nilimwonyesha, naye akacheka kama kijana.

Nilikuwa nimejiandaa kukuta uwanja mtupu. Kumbe wanawake walikuwa wamekuja wengi kuliko mara ya kwanza, na mkubwa wa kijiji alikuwa amehamisha siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya kijiji kizima, ili mutu asizuiwe. Papa aliomba kusema kwanza. Aliwaambia waziwazi kwamba barafu aliitoa yeye, akaomba radhi. Mutu wa umri wake, mwenye abakosti, kuomba radhi mbele ya akina mama wenye ndoo na watoto: sikuwa nimeona kitu kama hicho katika Zaire yetu. Walimpigia makofi ya taratibu, yale ya heshima.

Tulichanja hadi vidole vyangu vikafa ganzi. Sufuria ya sindano haikutoka kwenye moto. Karibu na saa tisa, nilipoona mstari wa watu unaisha, nilikuwa nimeanza kukata tamaa juu ya yule mwanamke mwembamba. Ndipo akatokea njia ya mlima anatembea kwa haraka, binti yake mgongoni, na nyuma yake watoto sita wa majirani, wameshikana mikono. Mama zao walikuwa mashambani, alisema, na walikuwa hawaamini kwamba tungerudi. Yeye aliwaambia atawaleta mwenyewe.

"Nilisikia uliharibu dawa nyingi mbele ya wenzangu," aliniambia nilipokuwa natayarisha sindano. "Nikasema, huyu hawezi kunidanganya."

Nilimchanja binti yake. Alilia sana, sauti ya mutoto mwenye afya.

Msimu uliofuata surua ilirudi kwenye ziwa letu, kutoka kusini, kijiji kwa kijiji. Sisi wa Kalemie tulingoja habari kwa hofu. Mwisho wa mvua, mtumbwi wa wachuuzi ulileta barua ya muuguzi wa kituo cha Mpala. Aliandika kwamba surua ilifika kwao, ikashika watoto wachache ambao hawakuchanjwa, na wote walitibiwa wakapona. Mwaka ule hawakuzika mutoto hata mmoja kwa surua. Chini alikuwa ameongeza kwamba akina mama wanauliza tutakuja lini na chanjo ya wadogo waliozaliwa baadaye, na wanataka wajulishwe siku mapema, wapange mashamba.

Daktari aliisoma barua ile kwa sauti mbele ya biro nzima. Wale waliokuwa wananicheka walikuwepo. Papa alikaa pembeni, macho yamemlowa, hajifichi. Nimefanya kazi nyingi tangu siku zile, katika nchi iliyobadilisha jina, na nimepewa vyeti ambavyo sasa sijui viko wapi. Lakini barua ile niliomba nipewe, na daktari akanipa.