Hatua Mia Nne za Jumatano

Nilipokuwa konstebo mjini Meru, miaka ya tisini, mgongo uliniuma miaka miwili mfululizo. Lori la kituo liliingia mtaroni tukiwa tumekaa nyuma. Wenzangu walitoka na michubuko, mimi nikatoka na mgongo. Baadaye eksirei ilionyesha kwamba mfupa umepona, lakini maumivu yalibaki palepale.

Nikapewa kazi nyepesi, yaani kukaa mezani na kuandika. Siku moja inspekta akaniita.

"Kijana, barua imekuja. Baada ya miezi mitatu unakwenda mbele ya bodi ya madaktari. Ukishindwa kusimama gwaride la saa nzima, unarudi nyumbani kulima."

Shamba letu liko Mbeere, kwenye mteremko wa mawe. Kulima kule kunataka mgongo kuliko upolisi.

Hospitalini Embu palikuwa na daktari wa mazoezi, mama wa makamo, aliyewatibu askari kwa posta kwa sababu hatukupata ruhusa kila wiki. Alinipima, akanieleza kanuni yake. Nitembee hatua nilizopangiwa, si zaidi siku ya nafuu wala pungufu siku mbaya. Nipumzike saa ikifika, si mgongo ukidai. Kila siku niandike kwenye fomu: saa, hatua, na maumivu kuanzia sifuri hadi kumi. Fomu nitume kila baada ya wiki mbili, na Alhamisi nimpigie simu. Nilikuwa nimesoma kitabu cha maktaba kuhusu mifupa mara mbili, na hakikutaja jambo hilo. Nilimwambia hivyo.

"Kitabu hakina mgongo," alisema. "Wewe unao."

Nilijaza fomu ya kwanza jioni ileile niliporudi, chumbani kwangu mtaa wa Majengo, Meru. Nilijaza siku zote kumi na nne. Sikuona kosa. Kituoni, kitabu cha doria tulikijaza Jumatatu kwa wiki nzima, kwa mwandiko mzuri, ili mkaguzi akija ghafla akute kazi safi. Niliandika: saa sita mchana, hatua mia nne, maumivu matatu. Mara kumi na nne. Nilichagua tatu kwa sababu sifuri ingeonekana uongo.

Siku ya kumi na nne, Jumatano, alinitaka Embu tena, nikaenda. Fomu niliiposti kesho yake. Alhamisi ya wiki iliyofuata nilisimama kwenye kibanda cha simu, foleni nyuma yangu.

"Bwana konstebo, fomu yako ninayo. Jumatano ya wiki iliyopita, saa sita mchana, umetembea Majengo hatua mia nne."

"Ndiyo, daktari."

"Jumatano saa sita mchana ulikuwa umelala kwenye kitanda changu hapa Embu, nikikukunja mguu."

Nilitia sarafu nyingine.

"Umetembea hata siku moja?"

"Siku mbili, daktari."

"Basi bodi itakuta siku mbili. Mimi siwezi kuidanganya kwa niaba yako."

Zilikuwa zimebaki wiki kumi. Asubuhi iliyofuata nilianza kutembea, kutoka chumbani kupita msikitini na mabucha, hatua mia nne, kisha mia nne na arobaini, hadi nikawa nafika nusu ya njia ya Kaaga. Koplo wa chumba cha pili alikuwa akisimama mlangoni na mswaki mdomoni.

"Mzee, gwaride la mtu mmoja! Leo nani anakagua?"

"Mgongo."

"Amekupa ngapi?"

"Saba."

"Basi rudi ulale!"

"Bado hatua mia moja na kumi."

Niliandika saba. Siku nyingine tano, siku nyingine nane. Matope ya mvua yaliingia kwenye karatasi. Baada ya wiki sita niliona jambo ambalo sikulitarajia: siku za saba nilikuwa nimetembea sawasawa na siku za tano.

Siku ya bodi nilisimama saa nzima. Madaktari walikuwa watatu. Mkubwa wao aliuliza, "Unaumwa?"

Neno hapana lilikuwa tayari mdomoni. Kazini, kwenye ripoti zinazouliza kama kuna tatizo, nilikuwa nimeliandika miaka kumi.

"Ndiyo, afande. Sasa hivi ni sita kati ya kumi."

Wawili waliinua kalamu.

"Mbona hukukaa?"

"Muda ulikuwa bado haujafika."

"Muda wa nani?"

Nikampa fomu, ambazo daktari wa Embu alikuwa amenirudishia kwa ajili ya bodi. Alizisoma zote taratibu, wino wa aina tatu, namba zikipanda na kushuka.

"Hizi ni chafu," alisema.

"Ndiyo, afande."

"Hii ya kwanza tu ndiyo safi."

"Hiyo ni ya uongo, afande."

Walinitoa nje robo saa. Waliponiita waliniambia nibaki kazini, nisipande nyuma ya lori. Nilirudi kituoni mgongo ukiuma. Kesho yake nilipangiwa zamu ya lango, ya kusimama.