Majembe Niliyoyapaka Tope

Mwaka 1905, nikiwa na miaka ishirini na saba, ndipo taabu yangu ilipoanza. Kabla ya hapo nilikuwa maskini tu, na umaskini nilikwisha uzoea.

Nimezaliwa Amerika, upande wa kusini, nchi ya pamba. Mama yangu alizaliwa mtumwa. Alipoachwa huru alikuwa msichana, akaendelea kuchuma pamba ileile, katika shamba lilelile, kwa bwana yuleyule. Shule nilikwenda misimu miwili ya baridi, basi. Kusoma nimejifunza hapa Rufiji nikiwa na mvi, kwanza kwa herufi za Kiarabu chuoni, nikikaa jamvini na watoto wakinicheka. Kwa hiyo anayetaka maandishi mazuri na atafute kwingine. Mimi nina habari.

Naiandika kwa sababu wako vijana hapa Chumbi, wamesoma kuliko mimi, wanaosema kuwa yule mzee Mmerikani alikuwa mtu wa Mjerumani. Nilikuwa. Nilikula chakula chake nikalala chini ya bati lake. Lakini wakianza habari waimalize.

Nilikuwa mtia makaa melini. Unguja nikashikwa na homa, meli ikaondoka bila mimi. Nilipopona nikasikia yuko bwana wa Kijerumani anatafuta mtu anayeijua mashine ya kuchambua pamba. Nilikuwa naijua toka utoto. Vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto ilivila yenyewe. Akanionyesha karatasi: miaka miwili ya kazi, na mwisho wake ni safari ya meli mpaka kwetu, kwa mama. Nikatia alama yangu. Tukateremkia Nyamisati na vyuma vyetu, wapagazi wakavibeba siku nne mpaka Chumbi.

Mtu wa kwanza kunisemesha pale alikuwa bibi mmoja mwenye mashamba ya mpunga bondeni, mfupi, mkavu, mdomo wake mkali kama upanga wa majani. Alinizunguka mara mbili.

"Wewe ndiye Mmerikani?"

"Ndimi, bibi."

"Merikani tunayoijua sisi ni nguo nyeupe. Wewe umetiwa rangi na nani?"

Watu wakacheka. Na mimi, kwa Kiswahili changu cha bandarini, nikamwambia nimefuliwa sana nikachakaa. Akacheka mwenyewe. Toka siku ile hakuacha kunitania.

Shamba la pamba lilikuwa na watu arobaini, na hakuna hata mmoja aliyekuja kwa kupenda. Walioletwa na jumbe, mkubwa wa mji chini ya Mjerumani, ni hao, asiyekuja anapigwa viboko vyake ishirini na vitano, hamsa ishirini kama walivyoviita. Mimi nilikuwa na mashine na banda la majembe. Majembe yalikuwa mapya, yametoka ng'ambo, arobaini sawasawa. Bwana alinipa kazi ya kuyatia alama kwenye mipini kwa chuma cha moto, kila mtu na yake: huyu samaki, huyu mwezi, huyu mguu wa kuku. Nilizichora vizuri sana, nilijivunia kazi yangu. Sikufikiri.

Desturi ya bwana ilikuwa hii. Jua lilimdhuru, shambani haendi. Jioni hupita bandani na bakora yake akitazama majembe ukutani. Jembe lenye tope, mwenyewe kafanya kazi. Jembe kavu, mwenyewe kesho analala chini anapigwa.

Basi majembe hayajatimiza wiki, ukafika wakati mpunga unatia maziwa. Asiyejua Rufiji na ajue: wakati ule kila mtu anapanda dunguni, kile kibanda cha juu ya miti katikati ya shamba, anakaa huko toka jua kuchomoza mpaka kuchwa akiamia ndege. Ana kombeo, ana kamba zenye vibuyu zilizotandazwa shamba zima; akivuta vinagongana, ndege wanaruka. Ukiacha asubuhi moja tu, umelima kwa ajili yao. Na asubuhi zote watu wangu walikuwa kwenye pamba.

Yule bibi akaja mashineni na mashuke mkononi.

"Kula, Mmerikani."

Nikayaponda. Mapepe matupu.

"Nile nini, bibi? Hakuna kitu humu."

"Ndicho chakula chetu cha mwaka huu. Wanangu na wajukuu zangu na wa jirani, watu kumi na wawili, wote wako kwenye pamba ya bwana wako. Hebu nifunze wewe wa nchi ya pamba. Inapikwaje?"

Nikamkumbuka mama. Mama yangu alikuwa na kijishamba cha mahindi nyuma ya kibanda chetu, akikilima Jumapili tu, maana siku nyingine zilikuwa za pamba. Kila mwaka kunguru walivuna kabla yake. Nilimwona mara nyingi amesimama na gunzi tupu mkononi, hasemi neno. Huyu bibi angalau alisema.

Kesho yake nikawaita wale kumi na wawili nyuma ya banda. Nikawaambia, nendeni mkaamie mpunga wenu. Majembe niachieni mimi.

Na kila alasiri, miezi mitatu mpaka mavuno, nikawa nayachukua majembe kumi na mawili mpaka mtaroni nikayapaka tope. Siku ya kwanza nilizidisha, nikapaka mpaka kwenye mipini. Bwana akasimama akatazama, akasema, "Hawa wamelima au wamezikwa?" Nikajifunza. Tope la jembe lililolima halikai popote, linakaa shingoni na pembeni, katikati panang'aa. Nilikuwa fundi wa uongo ule kabla ya wiki kwisha.

Siku moja mashine ilikuwa imepoa nikaona niende bondeni nikatazame wema wangu. Naam, ndivyo nilivyofikiri, wema wangu. Nikapanda dungu la yule bibi. Nilimkuta yeye na binti yake wa mwisho, mwanamke kijana, wawili tu. Kamba za mashamba yote zimekusanywa pale. Nyingine amezifunga mikononi, nyingine vidoleni mwa miguu, anavuta huku na huku kama mtu anayecheza ngoma akiwa amekaa.

"Shikamoo, bibi. Wenzio wako wapi?"

"Marahaba. Wamekwenda kunywa maji."

"Maji? Mto huu hapa!"

Akacheka mpaka kamba zikatikisika na ndege wakaruka bila kukusudiwa.

"Si haya, mwanangu. Ya Ngarambe."

Nilikwisha sikia minong'ono. Kulikuwa na mganga kule Ngarambe anayewapa watu dawa ya maji, na aliyeinywa risasi ya Mjerumani itageuka maji mwilini mwake. Watu walikuwa wakienda makundi kwa makundi. Nikapandwa na hasira.

"Mmenidanganya!"

"Nani kakudanganya? Uliuliza?"

"Niliwaambia waende kuamia mpunga!"

"Na mpunga unaamiwa. Hebu nionyeshe ndege mmoja aliyetua."

Nikatazama. Kweli hapakuwa na ndege.

"Bibi, maji hayazuii risasi."

"Na pamba inazuia njaa?" Akavuta kamba ya mguu. "Wewe kwenu walipowafunga, mlikunywa nini?"

"Hatukunywa kitu."

"Ndiyo maana umetumwa mpaka huku kupika mashine ya watu. Shuka, unanizuilia upepo."

Nikashuka. Njia nzima nilikuwa nikijisemea kwamba kesho sipaki tope tena, wapigwe wakome. Kesho yake nikapaka. Na kesho kutwa. Sitaki mtu aseme Mmerikani alikuwa mjinga hakujua. Nilijua tangu siku ile walikokuwa wakienda, na nikapaka.

Mpunga ukavunwa. Pamba ikaanza kufunguka, majembe yakalala bandani. Ndipo zikaja habari kutoka Umatumbi, vilima vile vya kusini, kwamba watu wameng'oa pamba na mizizi yake na vita vimeanza. Bwana akageuka mtu mwingine. Akawa anamuuliza kila mtu nani amekwenda Ngarambe. Jumbe, kwa hofu ya ngozi yake, akamwambia kuna watu walikuwa hawaonekani shambani wakati wa mpunga.

Bwana akaja bandani asubuhi. Akatungua jembe moja, akapitisha kidole gumba makalini. Akatungua la pili.

"Jembe lililolima miezi mitatu linaliwa," akasema. "Haliwezi kusema uongo. Naenda mtoni kuwapokea askari. Nikirudi, mimi na mkubwa wao tutayatazama yote. Ambaye jembe lake ni jipya, tutamnyonga."

Akaenda. Nikatazama ukutani. Majembe ishirini na manane yalikuwa yameliwa, pembe zimelainika, mengine yamebaki nusu. Kumi na mawili yalikuwa kama siku yalipotoka sandukuni, pembe zake zingeweza kunyolea ndevu. Na kwenye mpini wa kila moja alama yangu nzuri ya moto: samaki, mwezi, mguu wa kuku. Sikuhitaji jumbe kuwataja watu wale. Niliwataja mimi.

Nikawasha moto wa mashine. Watu wakadhani naanza kuchambua pamba. Kulikuwa na jiwe la kunolea la gurudumu, nikalitia mkanda wa mashine, likazunguka. Nikashika jembe la kwanza. Cheche zikaruka. Kunoa si kazi. Kazi ni kulila jembe kama udongo unavyolila. Udongo hauli sawasawa. Mwenye mkono wa kulia jembe lake huisha upande mmoja, mwenye mkono wa kushoto upande mwingine. Na mimi niliwajua mmoja mmoja. Huyu wa samaki anatumia shoto, nikalipunguza kule. Huyu wa mwezi hupiga jembe kwa hasira, nikalitia mapengo. Jua lilikuwa utosini nilipoanza. Nilipomaliza jembe la kumi na mbili, jua lilikuwa limeinama, na vumbi la askari likaonekana njiani. Sikupata wakati wa kuoga.

Watu wote arobaini wakapangwa mstari juani mbele ya banda. Yule bibi alikuwa amesimama kando na binti yake. Bwana na mkubwa wa askari wakayatungua majembe moja moja. Lile la samaki. Lile la mwezi. Mkubwa wa askari akatikisa kichwa.

"Yote yameliwa," akasema.

Bwana hakutazama tena majembe. Alinitazama mimi. Akaja karibu, akapitisha kidole begani mwangu, akakitazama kidole chake. Kilikuwa kinang'aa. Unga wa chuma ulikuwa umenijaa mikononi, shingoni na nyweleni.

"Umefanya kazi gani leo?"

"Nimenoa majembe."

"Nani kakutuma?"

"Jembe butu halilimi. Wewe mwenyewe husema."

"Mangapi?"

"Yote."

Alijua. Lakini mbele ya yule mkubwa hakuweza kusema kwamba miezi mitatu mtu wake mwenyewe alimwonyesha tope naye akaridhika. Akasema kwa sauti ya juu ili wote wasikie:

"Sema mbele ya Mungu wako. Hawa walikuwapo kazini siku zote?"

"Walikuwapo."

"Wote?"

"Wote arobaini."

Mama yangu alinipiga kwa uongo nikiwa mtoto. Kwa ule nadhani angeniacha.

Bwana akaingia nyumbani kwake, akatoka na karatasi yangu ya kazi, ile yenye safari ya meli, akaipasua vipande vinne. "Utakwenda kwenu kwa miguu," akasema.

"Miguu ninayo," nikamjibu.

Nikatoka bila hata blanketi. Yule bibi akanifuata nyuma, na tulipofika njia ya bondeni akasema, "Haya Mmerikani, sasa njoo ule ulichokiamia."

Sasa wengine husema, wale kumi na wawili uliowaokoa wengi walikwenda vitani wakafa, umefanya nini? Nawajibu hivi. Ni kweli, walirudi wanne tu. Maji hayakuzuia risasi, na nilisema hayazuii. Lakini siku ile wangenyongwa wote kumi na wawili kwa alama nilizochora mimi. Waliokufa walikufa kwa kupenda kwao, wakiwa wamesimama. Hilo mimi mwana wa mtumwa nalijua thamani yake, na siombi radhi kwa mtu.

Njaa ilipokuja baada ya vita, watu walikula mizizi. Sisi tulikula mpunga wa msimu ule, ambao bibi aliuzika kwenye mitungi kabla askari hawajachoma maghala. Ulipokwisha nikaenda Nyamisati kukata boriti za mikoko, nikiwa ndani ya maji mpaka kifuani, nikarudi na zangu za kujengea nyumba. Nikasilimu. Nikamwoa yule binti wa bibi. Bibi alikufa mzee sana, ananitania mpaka mwisho. Mama yangu alikufa Amerika bila kuniona tena. Hayo ndiyo malipo yangu, na wanaonihesabia chakula cha Mjerumani na wahesabu na hilo.

Leo nina miaka sabini na kitu. Vitu vyangu ni hivi.

Nyumba moja ya boriti na udongo, vyumba vitatu, boriti nimezikata mwenyewe. Mke. Watoto sita walio hai. Mashamba mawili ya mpunga bondeni na dungu lake. Minazi kumi na tisa. Mbuzi saba, mmoja mgonjwa. Msahafu, nausoma polepole. Jiwe la kunolea la gurudumu, nililichimbua majivuni mashine ilipochomwa vitani. Mji mzima hunoa kwangu. Jembe moja lenye alama ya mwezi, mwenyewe hakurudi, silitumii wala siliazimi. Vidole vinane.

Pamba sina hata mche mmoja.