Wageni wa Mwalimu

Juzi mjukuu wangu alikuwa akisugua kwa ndimu wino wa kura kidoleni, akinung'unika kwamba hautoki. Nikanusa tena ulanzi wa baba, ile pombe ya mianzi.

Nilikuwa mtoto, enzi za Mwingereza. Tulikaa Kihesa, kipindi cha mvua, mianzi inapotoa ulanzi kwa wingi. Jirani yetu mwalimu aliandikishwa kupiga kura. Baba alikuwa mgema, hakusoma, wakamkataa. Semkiwa, binti wa mwalimu, akanitambia:

"Baba kachagua watu watatu. Mwafrika, Mzungu na Mhindi. Ndivyo walivyoamriwa."

Mimi nilidhani ukimchagua mtu, akishinda anakuja kula kwako. Basi iliposemwa kwamba wote watatu wameshinda, wivu ulinishika. Mchana kutwa nilichungulia uani kwa kina Semkiwa nikiwasubiri wale wageni, huku nikimwomba Mungu wateleze kwenye matope.

Hakuja mtu. Jioni mwalimu mwenyewe ndiye aliyekuja kwetu, viatu mkononi.

"Kamwene, Mwalimu," baba alimsalimu, akamjazia ulanzi kwenye mbeta, kile chombo cha mwanzi.

"Tumeshinda, ndugu yangu! Wote tuliowachagua wamepita."

Nilitamani baba amfukuze. Baba alijifuta povu vidoleni, taratibu, kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Hiyo karatasi ya kura, Mwalimu. Ulipoishika, ilikuwaje?"

Mwalimu akaanza kueleza. Baba hakumtazama usoni. Aliutazama mkono wa mwalimu, kwa macho yale yale niliyochungulia nayo uani kwa kina Semkiwa.