Nilikata mnazi wa Bi Mwanakombo, na hadi leo natamani kurudi Bodo

Wakuu, hamjambo? Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji tu humu, leo nimeamua kuandika. Sitatia chumvi, aibu yenyewe inatosha.

Mimi ni mtu wa bara, naishi Rongai. Kazi yangu ni ya laptop, penye network ndipo ofisini kwangu.

Baridi ya Julai hunibana kifua mpaka nalala nimekaa. Mwaka jana nikamwambia mama watoto tuhamie pwani, si kutembea, kuishi kabisa. Akasema, "Tangulia wewe. Ukiona wenyeji wamekupokea, nakuja na watoto."

Nikapanga nyumba Bodo, kule Msambweni. Mwenye nyumba ni Bakari, mvuvi wa rika langu. Tulikubaliana kwamba nikipapenda ataniuzia.

Kupapenda? Wakuu, nilichizika!

Asubuhi maji ya bahari yakitoka, natembea peku kando ya mikoko. Nikirudi nafungua laptop barazani, upepo unapita taratibu. Kifua kimya. Jioni napanda baiskeli bila safari yoyote, nazunguka tu mashambani.

Nyuma yangu aliishi Bi Mwanakombo, shangazi yake Bakari. Kila asubuhi ni shikamoo, marahaba, umeamkaje, na mkeo je, na watoto je. Mimi niliyezoea salamu ya "sema" na kupita, mwanzoni niliona ananichelewesha. Baadaye nikawa nazisubiri hizo salamu.

Sasa, mbele ya baraza kulikuwa na mnazi unaoziba view ya maji. Nikamuuliza Bakari kama naweza kusafisha uwanja.

"Safisha tu, ndugu yangu. Hapa ni kwako."

Yeye alimaanisha majani. Mimi nikaita jamaa wa power saw.

Bi Mwanakombo alitoka mnazi ushalala. Akauwekea mkono, akalia.

"Bibi, kwani shamba si la Bakari?" nikauliza. Mjinga mimi.

"Shamba ni la Bakari. Mnazi ni wangu. Aliupanda marehemu mume wangu."

Sikujua, wakuu. Kwetu ukinunua ardhi umenunua na kila kilichoota juu yake. Kule shamba lina mwenyewe, na mnazi una mwenyewe.

Niliomba radhi, akasema amenisamehe. Kesho yake akanisalimu vilevile: umeamkaje, na mkeo je, na watoto je. Hapo ndipo aibu iliponizidi. Sikuweza kumtazama usoni.

Siku ya tatu nikamdanganya Bakari kwamba nimeitwa kazini, nikafunga mizigo, nikarudi Rongai. Mama watoto naye nikamwambia wenyeji hawakunipenda.

Tangu hapo sina raha. Kuna siku nasimama dirishani, naona nyaya za stima na ukuta wa jirani, na moyo unauma kweli. Nakukumbuka kule kuulizwa hali na mtu anayengoja jibu.

Idi juzi nikampigia Bakari kumpa mkono wa Idi. Simu ilikuwa kwenye spika. Akampa shangazi yake.

"Mwanangu, mbona ulihama bila kuniaga?"

"Niliona haya, bibi. Kwa ule mnazi."

"Mnazi niliulilia, yakaisha. Nyumba i tupu mpaka leo. Wewe nani alokufukuza?"



Funzo langu: ukihamia kwa watu, uliza mti ni wa nani kabla hujagusa hata tawi. Na ukisamehewa, kaa. Mimi nilikimbia watu ambao hawakunifukuza.

Nilipokata simu, mama watoto alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Amesikia yote.

"Hao ndio hawakukupenda?"

Akarudi jikoni. Hajanisemesha tangu juzi.

Waliowahi kuhamia pwani, na waliowahi kudanganya nyumbani, njooni mnishauri. Nyumba bado ipo. Nianze kuomba radhi kwa nani?