Garanti Iliisha, Malipo Yakabaki

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutaka kulalamika vizuri. Simu niliyochukua kwa mkopo katika duka moja mjini Migori ilianza kupata moto kama pasi, kisha ikawa inajizima katikati ya mazungumzo. Ningeirudisha wiki hiyo hiyo. Badala yake nilikaa kuandika malalamiko. Kiswahili cha kuandika nimejifundisha mwenyewe kwa vitabu vya kuazima, na huwa naogopa kwamba mtu akiona kosa langu moja, hataamini lolote ninalosema. Niliandika, nikafuta, nikaanza upya. Garanti ikapita bado natafuta sentensi ya kufungulia.

Hata hivyo, si simu iliyoniuma. Ndani yake mlikuwa na sauti ya dani, nyanya yangu wa Muhuru Bay. Kila nilipomtembelea alingoja nizame kwenye kula samaki, akachukua simu na kuniamuru nibonyeze pa kurekodi. Halafu alijisifu, kama watu wetu wanavyojisifu kwenye sherehe: yeye ndiye aliyewanyima wavuvi usingizi, yeye ndiye aliyeanika dagaa wa omena mpaka jua likaomba likizo. Kwenye sherehe, anayejisifu hutoa pesa kwanza. "Hapa ni bure," alisema, "wacha nijisifu nimalize." Alifariki kabla ya mvua za masika. Sikuwa nimehamisha rekodi hata moja, kwa sababu nilitaka kwanza kuzipanga na kuzipa majina yanayofaa.

Simu ilipozima kabisa nilikuwa nimehamia Homa Bay kwa kazi. Fundi wa huko aliigeuza, akaona kibandiko cha duka, akanirudishia.

"Hii bado ni ya wenyewe, omera. Nikiifungua, watasema ni wewe uliharibu."

Nikairudisha Migori. Dada wa kaunta alisoma risiti, akanitazama kwa huruma.

"Garanti iliisha, boss."

"Na malipo?"

"Hiyo inaendelea."

Mama mmoja aliyekaa kwenye benchi, kikapu miguuni, akaangua kicheko. "Kumbe garanti imekufa, imeacha deni mjane! Ni wewe utamrithi, nyathina, mwanangu?"

Duka zima likacheka, hata mimi, na kicheko hicho kikanifungua mdomo. Zile sentensi zangu safi zikapotea zote. Nikasema nilichokuwa nimesoma peke yangu, bila mpangilio:

"Dada, katiba inasema kitu nauziwa kiwe cha ubora unaofaa. Garanti ni ahadi yenu. Haki yangu haikufa siku moja na garanti. Mnaniuzia simu ya kulipa miaka miwili, inawezaje kuzima hata sijamaliza kulipa?"

Akamwita meneja. Meneja alinisikiliza, akaipima simu mkononi, akakubali kwamba kasoro ilikuwa ya kiwandani. Wangeitengeneza bila malipo.

"Lakini ubao wa ndani tunabadilisha wote. Vitu vyako vitaenda."

"Hata sauti?"

"Kila kitu. Ungekuja ikiwa bado inawaka, tungehamisha."

Nilitoka nje, nikasimama mlangoni na ile simu. Ningeweza kuondoka nayo ikiwa imekufa, niiweke sandukuni, niseme dani yumo. Lakini kazi yangu ilitaka simu, na iliyozima isingenisemesha kamwe. Nikarudi ndani, nikamkabidhi meneja.

Ilirudi ikiwa nzima, haipati moto, na haina kitu. Maneno ya dani bado ninayo kichwani. Nisichonacho ni jinsi alivyovuta pumzi kabla ya kujisifu, na kikohozi kidogo kilichotangulia kicheko chake. Wakati mwingine nikiwa peke yangu hujaribu kuyasema kwa sauti yake. Hutoka sauti yangu tu.

Sasa kitu kikiharibika nasema siku hiyo hiyo, kwa Kiswahili chochote kinachonijia. Mwezi uliopita niliandikia kampuni moja kuhusu chaja mbovu, nikatuma bila kusoma mara ya pili. Wakaibadilisha.