Barabara ya Wamaza Ilipofunga Seva Yangu

Miaka michache iliyopita nilitengeneza ukurasa wa mtandao unaoonyesha kama njia ya Kasongo kwenda Kabambare inapitika. Wenye pikipiki walituma jumbe, na seva yangu, yaani kompyuta iliyouendesha ukurasa huo, ikazichambua zote na kutoa jibu. Kazi hiyo iliichosha, kwa hiyo jibu likishatoka lilihifadhiwa kwa dakika tano, na kila aliyeuliza akapewa hilohilo. Watu waliniita enjenieri. Niliitika haraka mno.

Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, habari ilienea kwamba daraja la miti karibu na Wamaza, kwenye njia hiyo, limechukuliwa na maji. Nilikuwa kwenye kituo cha pikipiki cha Kasongo, kompyuta mapajani, nikifurahia kuona watu wengi wakifungua ukurasa wangu. Dakika tano zikaisha, jibu lililohifadhiwa likafutika. Simu zote zikauliza kwa wakati mmoja, na seva ikaanza kutafuta jibu lilelile upya kwa ajili ya kila mmoja. Ikazimia.

Mama mmoja aliyejifunga kikwembe kipya, shangazi wa bibi harusi, alinisogelea na wenzake watatu. Harusi ilikuwa Wamaza, siku hiyohiyo.

"Enjenieri, daraja iko ao haiko?"

"Mungojee kidogo, mama. Mufungue tena. Mufungue tena na tena!"

Nikawaambia hivyo watu wote pale kituoni, kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake. Wakatii. Niliwasha seva upya mara nne. Kila mara iliamka bila jibu lolote, ikakuta umati mlangoni, ikaanguka. Jasho lilinitoka kama mimi ndiye niliyekuwa nikiulizwa.

Wakati huo aliingia mwenye pikipiki mmoja, matope hadi kifuani. Shangazi hakunitazama tena.

"Baba, unatoka wapi?"

"Wamaza, mama."

"Na daraja?"

"Iko. Muti moja tu ndio imeenda. Munashuka, munavuka na miguu."

Shangazi na wenzake wakapanda pikipiki, wakaondoka wakiimba. Mimi nikabaki nimeinama juu ya kompyuta, nikitafuta kwa mitambo habari ambayo watu wote kituoni walikuwa wamekwisha kuisikia.

Mchana nilikaa nyumbani nikarekebisha, nikiona aibu jinsi ilivyokuwa rahisi. Muda ukiisha, jibu la zamani halifutwi tena. Ombi moja tu linaruhusiwa kwenda kutafuta jipya. Wengine wanapewa la zamani, pamoja na saa lilipoandikwa, mpaka jipya lifike.

Siku ya mvua kubwa iliyofuata, watu walijaa tena kwenye ukurasa na seva haikutikisika. Nilikaa kituoni nikingoja pongezi. Hakuna aliyejua kwamba kuna kitu ambacho kingeweza kuharibika. Mtu mmoja tu alinikaribia, akaniomba nisogee, kwa sababu nilikuwa nimekalia koti lake.