Adhana Kwenye Laini Isiyo na Namba

Laini ile niliwekewa na mkwe wangu, na shaka yangu ilianzia hapo hapo. Tulikuwa jikoni kwao, Ubelgiji, sanduku langu limeshafungwa. Akaichukua simu yangu, akaielekeza kwenye picha ya viraba vyeusi na vyeupe iliyokuwa kwenye kompyuta yake. Simu ikafikiri kidogo, ikakubali. Akasema tayari. Hakuna kadi ya kuchomeka, hakuna kwenda dukani kupiga foleni na pasipoti mkononi. Nikishuka Bujumbura nitaiwasha tu, intaneti itakuwepo. Eti inaitwa eSIM, laini ya wasafiri. Nikamuuliza namba yake ni ipi. Akajibu kwamba haina namba, ni ya intaneti peke yake, na tutapigiana kwa video.

Mimi mtu akinipa kitu cha bure namtazama mikono. Huyu aliyenipa laini isiyo na namba nilimtazama macho, naye akayainamisha, kama anavyofanya siku zote akiongea nami.

Niseme wazi kwamba hakuwa amenikosea lolote. Ni kijana wa milimani huko kaskazini mwa Burundi, wa familia ya Kikatoliki, aliyesilimu wiki chache kabla ya kumuoa binti yangu. Tangu siku ile mimi nilishikilia kuwa alitamka shahada ili apewe mke, basi. Nimekaa nao miaka, nimemchunguza, sikupata la kumshika. Na mtu ambaye humpati na kosa lolote hunitia wasiwasi kuliko mwenye makosa yake nje nje.

Niliondoka kwa sababu mke wa kaka yangu alifariki, na kaka amebaki mzee peke yake mtaani Nyakabiga, Bujumbura. Binti yangu alikuwa na mimba ya kwanza, lakini siku zake zilikuwa bado, na niliapa kurudi kabla ya kujifungua. Mkwe ndiye aliyenihimiza. "Nenda mama, usiwe na hofu, dada yangu atakuja kutusaidia." Dada yake huyo ni mwanamke mwema, muimbaji wa kwaya, na rozari haitoki kwenye mkoba wake. Ndani ya ndege niliyapanga hayo mawili pamoja, safari yangu na ujio wa dada mtu, na kadiri nilivyoyapanga ndivyo yalivyozidi kulingana.

Bujumbura laini iliwaka kweli, uwanja wa ndege pale pale. Tulipofika Nyakabiga ikazima. Ilikuwa na tabia ya mgeni mwenye maringo, haikutaka kukaa na mtandao mmoja. Mara huu, mara ule, mara hakuna. Siku hizi umeme ukikatika, minara nayo huvumilia kidogo kisha hufuata, na mafuta ya kuwashia jenereta yenyewe ni ya kutafuta kwa tochi. Nilizunguka ua mzima wa kaka na simu juu kama mtu anayeanua nguo. Pahali pamoja tu ndipo ilipokamata sawasawa, nyuma kabisa, kando ya mlango wa choo.

Na majirani nao. Kila aliyekuja kutoa pole aliniomba namba. Nikisema sina, walitazamana. Mtu kutoka Ulaya, simu kubwa hivi, hana namba? Wanawajua watu wao wa ng'ambo. Wapo wanaotoa namba za uongo ili wasiombwe kitu, na mimi sasa nilikuwa nimevumbua njia mpya. Mama mmoja tuliyecheza naye utotoni alinishika mkono, akaniambia kwa upole kwamba hakuwa na shida ya kuniomba, alitaka tu kunisalimia. Niliumia. Nikamweleza habari za viraba na intaneti, akaitikia kwa kichwa, na niliona kuwa haamini hata neno. Jioni kaka mwenyewe akauliza.

"Simu haina namba, dada. Njo ya nani sasa?"

Nikamjibu kuwa hata mimi najiuliza.

Katika nyumba yetu mtoto akizaliwa, anayemuadhinia ni mwanamume mkubwa wa familia. Baba alituadhinia sisi sote. Alipoondoka, kazi ikawa ya kaka. Alikuwa fundi wa magari, na watoto wangu wote walimtoa chini ya lori. Alikuwa akinawa oili kwa sabuni ya unga mpaka viganja viwe vyeupe, anavaa kanzu, anakuja kuinamia sikio la kulia na kuita adhana taratibu, kama anayemwambia mtoto siri. Sheria haisemi lazima awe yeye. Baba wa mtoto anatosha, mtu yeyote Muislamu anatosha. Lakini kwetu ndivyo ilivyokuwa, na mimi nilitaka mjukuu wangu wa kwanza aipate adhana kwenye sauti ile. Baba wa mtoto huyu sikumuamini. Niliogopa kwamba sauti ya kwanza kuingia sikioni itakuwa ya kwaya.

Kisha asubuhi moja, nimesimama pale kando ya choo na kanga begani, simu ikalia mfululizo. Ujumbe wa jana ulikuwa unaingia leo. Mtoto amezaliwa, wa kike, kabla ya siku zake, mzima, mama naye mzima. Picha haikufunguka. Nilimshukuru Mungu kwa sauti nikasahau niliposimama, halafu furaha ikaingiliwa. Jana! Usiku mzima mtoto yuko duniani, sikio lake liko wazi, na mimi nimelala. Nani aliingia chumbani usiku huo? Nani alimpakata?

Nikapiga. Mkwe akapokea, sura yake ikawa vipande vipande, sauti ikaja baada ya midomo. Nikamuuliza kama mtoto ameadhiniwa. Akasema, "Mama, mtandao... sikusikii." Nikarudia kwa nguvu mpaka jirani akachungulia. Akasema tena mtandao. Nikauliza la hali ya binti yangu, hilo akalisikia vizuri sana. Mtandao gani huo unaochagua maswali?

Nikampelekea ujumbe wa maandishi, maana maandishi hayana visingizio. Mtoto aadhiniwe na mjomba wa mama yake, kwa video, leo. Jibu lilichukua muda wa kupika na kula. Lilisema: "Ndiyo mama. Tunamsubiri mjomba." Nikalisoma tena na tena nikitafuta kilichofichwa ndani yake.

Kaka alikubali, lakini kwa masharti yake. Kwanza alikataa simu yake ya vibonyezo, ambamo simu za kutoka ng'ambo huingia zikikwaruza hata salamu huisikii.

"Mi siwezi adhinia mutoto mwenye sione sura," akasema. "Nitajuaje niko naongea na sikio ao na mufuko ya mutu?"

Basi ni simu yangu, na simu yangu ni pale nyuma. Nikamwonyesha mahali. Akatazama mlango wa choo, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu azike mkewe niliona kicheko kinamjia na yeye anakirudisha.

"Apana, dada. Jina ya Mungu haitajwake pa choo. Tafuta fasi ingine."

Tukaenda Rohero, katikati ya mji, kwa miguu, kwa kuwa magari yalikuwa yamelala kwenye foleni za mafuta. Kaka alivaa kanzu nyeupe na kofia ya sherehe. Goti lake linamsumbua, na kila tulipopumzika nilimuona anasogeza midomo, anafanya mazoezi ya maneno ambayo ameyajua tangu hajaota meno ya pili. Nilikuwa nimewaandikia saa. Mjini simu ilikamata kando ya ukuta wa benki moja, kwenye kivuli. Nikapiga. Zamu wa benki, mlinzi mwenye msalaba mdogo shingoni, akainuka kwenye kiti chake.

"Muzee, hapa hawapigake picha."

Kaka akamueleza kwa Kirundi kuwa hatupigi picha, tunamwita mtoto. Zamu hakuridhika. Akaja mpaka kwenye bega langu, akainama kutazama, na wakati huo huo kioo kikafunguka, na mtoto akaonekana, mwekundu, amekunja uso, anagombana na mwanga. Zamu akasema kitu cha baraka kwa Kirundi, akarudi kwenye kiti, ingawa macho hakutuondolea. Mimi machozi yalikuwa tayari. Binti yangu alikuwa kitandani, anatabasamu kwa uchovu, na mkwe ndiye aliyempakata mtoto na kulisogeza sikio lake kwenye simu iliyosimamishwa mbele yao. Nyuma yao nilimuona dada mtu na mkoba wake.

Kaka akageukia kibla, akakisogelea kioo, akaanza. Sauti yake imezeeka, imekuwa na mchanga ndani, lakini ni ile ile. Wapita njia walipunguza mwendo. Takbira zikapita, shahada zikapita zote mbili, nikaanza kupumua. Akaita kuijia swala, mara ya kwanza, mara ya pili. Hapo nikamuona mkwe anaunyoosha mkono kwenye simu. Vidole vikawa vikubwa vikajaza kioo, na picha ikaganda. Kisha giza.

"Umeona?" nikamwambia kaka. "Amekata."

Kaka hakunijibu, kwa sababu adhana haikatishwi. Alimalizia mpaka mwisho mbele ya simu iliyokufa, kwa sauti ile ile ya siri, kama kwamba sikio bado lipo. Ndipo akakaa juu ya tofali, akanyoosha goti.

Nikamwaga yote. Laini isiyo na namba aliyeniwekea ni nani? Aliyenihimiza kusafiri ni nani? Nimesimama hapa nimeuona mkono wake kwa macho yangu. Nikasema huyu amesubiri tuseme nusu ili ajue tumeridhika, nusu nyingine dada yake atamalizia kwa maji ya padri. Kaka alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza injini, kichwa upande. Nilijaribu kupiga tena, na tena, simu ikanizungushia kiduara chake. Zamu akatuletea maji kwenye kikombe cha plastiki, nafikiri kwa sababu nilikuwa nalia.

Kivuli cha ukuta kilikuwa kimeshavuka barabara ndipo mtandao ukarudi, na ujumbe ukaingia, wa sauti, kutoka kwa binti yangu. Alikuwa amewasha simu yake mwenyewe pembeni ya mto, ainase adhana ya mjomba wake, mtoto aje kuisikia akikua. Nikaufungua, nikaweka simu katikati yetu.

Ilikuwa sauti ya kaka, mbali kidogo, inapanda na kushuka. Takbira, shahada. Kuijia swala, mara ya kwanza, mara ya pili. Halafu mkwaruzo, sauti ikafifia, vidole vinagusa simu kuipandisha, halafu kimya. Nikasikia mtu anasema "mtandao," na kitu kinawekwa mezani, na binti yangu anauliza kwa hofu tufanyeje sasa. Kisha ikatoka sauti nyingine. Ya chini, inayotetemeka, yenye lafudhi ya milimani. Haikuanza mwanzo. Ilichukua pale pale kaka alipoachia, ikaita kuijia kheri, ikarudia. Ilikuwa karibu sana, nilisikia mpaka pumzi ya mtoto.

Nilikuwa natega sikio kama mwalimu wa chuo cha Kurani, na nikalipata nililokuwa nalitafuta. Badala ya kwenda kwenye takbira za mwisho, akasema kwanza kwamba swala ni bora kuliko usingizi. Akalisema mara mbili. Ndipo akamaliza.

"Si hivyo," nikasema. "Hilo ni la alfajiri tu. Kwa mtoto halisemwi, adhuhuri halisemwi. Unaona kuwa hajui?"

Kaka akaomba nirudishe nyuma. Akasikiliza kipande kile peke yake, mkono kwenye goti.

"Anajua moja tu," akasema. "Ya alfajiri. Njo ile anasikiaka kila siku ku musikiti."

Nikamwambia huenda aliitafuta kwenye simu leo leo, akaikariri kutufurahisha sisi. Nilitaka iwe hivyo. Nilikuwa nimebeba shaka ile miaka mingi na sikuwa tayari kuiweka chini mbele ya zamu wa benki.

"Apana," kaka akasema. "Angetafuta leo, angepata yenye haina kosa. Hii mutu hakutafuta, dada. Mutu huyu anaamukaka."

Nimekaa nyumba moja na kijana yule, chumba kimetenganishwa na ukuta mwembamba, na alfajiri zote hizo aliyekuwa amelala ni mimi.